Kapita wa Jumamosi

Wewe uliyeniuliza wivu unakuwaje kwa mtu mzima mwenye akili zake, vuta kiti hapa karibu. Jibu langu lina barabara ndani yake, lina majani yaliyooza na mzee mmoja mwenye kipenga. Usiwe na haraka. Mimi ni mtu wa kueleza pole pole. Kazi hiyo nilipewa na watu wa mtaa wetu kabla sijaiomba. Barua ya umeme ikija wananiletea. Mtoto akiharibu shuleni, naenda na mama yake kwa mwalimu, naketi kati yao na kugawa maneno. Kwa hiyo nitakueleza na hili, ingawa safari hii siwezi kusema kwamba nilikuwa nasaidia.

Tulimwita Kapita. Kwa Wakongo wa mashariki, kapita ni msimamizi wa kikosi cha kazi, yule anayesimama wakati wengine wameinama. Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi zake na sikuwahi kusikia mtu akilitumia, hata binti yake aliyeishi naye nyumba ya nne kutoka kwetu.

Mtaa wetu ulikuwa Riverside, kaskazini mwa Buffalo: nyumba za mbao zilizokaribiana, miti mikubwa ya kandokando, na mto Niagara unaopita karibu tu ingawa nyumba zinauficha. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kuliko cha Kapita, jambo nililojivunia kimya kimya. Niliishi na mume wangu, aliyefanya kazi kiwandani Lackawanna, binti yetu Kezia, na baba yangu, aliyetufuata kutoka kambini miaka miwili baada yetu kufika.

Lazima umwone baba kwanza, vinginevyo Kapita hutamwelewa. Baba alifika Buffalo akakaa kwenye kiti cha dirishani, na hapo akabaki. Nilimpikia maharage na ndizi kama anavyopenda. Nilimnunulia soksi za sufu. Nilimpeleka kliniki, nikampangia dawa kwenye kiboksi chenye siku za juma. Alisema "asante," alisema "nimeshiba," alisema "ni sawa, mwanangu." Maneno matatu, mwaka mzima. Kezia alipomsalimu kwa Kiingereza alitabasamu, akarudi dirishani. Nilijiambia kwamba ni uzee, ni baridi, ni huzuni ya watu waliobaki nyuma. Nilikuwa na maelezo mengi mazuri.

Kisha Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, saa moja asubuhi, nikasikia kipenga.

Salongo, kama huijui, ni hivi. Kule Kongo ilikuwa amri: siku moja ya juma kila nyumba itoe mtu, mkafagie barabara, mkazibue mitaro, mkafyeke majani. Nasi Warundi tulikuwa na yetu ya Jumamosi, na kambini pia tulitolewa kusafisha mifereji ya bloku. Kapita alikuwa amesimamia mitaro ya Uvira, mji ambao mvua ikinyesha mlimani huleta mawe hadi sebuleni kwa watu. Alipofika Amerika hakuona sababu ya mambo kuwa tofauti. Aliona barabara, aliona mitaro, aliona watu wamelala. Akadhani salongo ipo, ila kapita wa mtaa ule amekufa na hakuna aliyewekwa mahali pake. Nisikufiche: alidhani hivyo kwa dhati. Nilimweleza mara tatu kwamba hapa jiji lina wafanyakazi wake na malori yake. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza, "Bon. Na batu ba mtaa banafanya nini?" Yaani sawa, na watu wa mtaa wao wanafanya nini.

Asubuhi ile alipita kila mlango, wa Wakongo, wa Warundi, wa Waburma, na wa bibi mmoja Mmarekani wa nyumba ya kona aliyetoka na vazi la kulalia na mbwa mdogo kwapani.

"Maman, bonjour," Kapita akamwambia, akimwonyesha reki. "Salongo."

Bibi akanigeukia. Nilikuwa nimetoka mbio na kanga begani. Akaniuliza huyu mzee anauza nini. Nikamwambia hauzi kitu, anakuomba utoke usafishe mtaro ulio mbele ya nyumba yako. Bibi akafikiri kidogo. Akasema ameishi mtaani pale tangu aolewe na hakuna mtu aliyewahi kumwomba hivyo. Akaingia ndani. Nilidhani anapiga simu polisi. Akatoka na gambuti za marehemu mumewe.

Nilikuwa bado nacheka nilipomwona baba akishuka ngazi zetu. Hakuwa ameniambia anatoka. Alikuwa na kandambili miguuni.

"Weye muzee!" Kapita alifoka toka ng'ambo ya barabara. "Unakuya na sandale kwa salongo? Unakwenda kuoga?"

Mimi nilishtuka. Hakuna mtu aliyemfokea baba yangu tangu afike. Nikafungua mdomo nimtetee, na kabla sijasema nikasikia baba anacheka. Kicheko cha tumboni, kile alichokuwa nacho nikiwa mtoto. Akajibu, "Wewe nipe reki, miguu ni yangu!"

Pale ndipo wivu wangu ulipoanzia. Ulinishika kifuani, upande wa kushoto, kama mtu aliyemeza ugali wa moto.

Niseme haki: mzee yule alijua kazi. Pembezoni mwa barabara za pale, chini ya ukingo wa zege, kuna midomo ya chuma yenye vyuma vilivyopangwa kama meno. Maji ya mvua huingilia hapo. Miti ya Riverside inapoangusha majani, meno yale huzibwa, na majani yakilowa hugandana kama mkeka. Wengi tulisukuma majani kwa fagio, yakaingia ndani. Kapita alipiga kipenga. "Apana! Unalisha yeye! Mtaro si mbuzi!" Akatuonyesha: simama juu ya nyasi, usisimame barabarani, vuta kuelekea kwako, lundo uliweke mbali na ukingo, upande ambako maji hayatoki. Alikuwa na ndoano aliyoikunja mwenyewe kutoka kwenye chuma cha kitanda, ya kuvutia vitambaa na mifuko iliyonasa ndani. Alieleza pia kwamba katika mitaa ile ya zamani maji ya mvua na ya chooni huenda kwenye bomba moja, kwa hiyo majani yakiingia yakaliziba, uchafu unaweza kurudi ndani ya nyumba kupitia tundu la sakafu ya chumba cha chini. Nilimuuliza alijuaje. Akasema alinusa.

Kila taabu aliyosikia aliuliza swali moja: "Maji inapita wapi?" Mwanamke akilia kwamba mumewe hasemi naye, Kapita anauliza maji inapita wapi. Mchungaji akisema sadaka zimepungua, Kapita kwenye benchi la nyuma, kwa sauti, "Donc, maji inapita wapi?" Nilimwambia mume wangu kwamba huo ni upuuzi mtupu. Juma lile lile nilimsikia baba akimuuliza Kezia swali hilo hilo kuhusu hesabu zake za shule, na Kezia, ambaye humjibu babu yake kwa Kiingereza siku zote, akamjibu kwa Kiswahili kilichovunjika, kwa bidii, ili mzee aelewe.

Basi ikawa hata mtoto wangu.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Binti yake aliniambia hakuwahi kuosha sahani hata moja. Chumba chake kilinuka magunia. Na hili lilinifurahisha kuliko yote: alikula karanga akitembea na kuangusha maganda njiani, kwenye barabara ile ile aliyoifagia. Siku moja nilimfuata nyuma nyuma nikiyaokota maganda moja moja, nikamfikishia mlangoni kwake kwenye kiganja.

"Kapita, umesahau vitu vyako."

Akayatazama. "Mama Kezia, ile ni chakula ya ndege."

"Na majani?"

"Majani ni majani." Akafunga mlango.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia baba, nikitegemea kwamba ataona. Baba akasema, "Hata Uvira alikuwa hivyo hivyo, kaniambia. Walimpa adhabu mara mbili." Akatabasamu dirishani, lakini sasa hakuwa anatazama dirisha, alikuwa anatazama mtaro.

Aliniambia mengi kuhusu Kapita. Kuhusu yeye mwenyewe, hakuniambia mimi; alimwambia Kapita. Nilikuja kulijua hilo siku moja nilipowapelekea chai kwenye chupa. Walikuwa wamechuchumaa kando ya barabara na chupa ya plastiki iliyojaa maji nusu, wameilaza juu ya ukingo wanatazama maji yanaegemea upande gani.

"Voisin yangu ni fundi," Kapita akaniambia. Voisin ni jirani, alimwita baba hivyo kila siku. "Weye ulikuwa unajua ni yeye alichimba mtaro wa shule yenu kule kambi?"

"Shule gani?"

"Shule yako, maman! Mtaro wa nyuma, ile ya mawe. Yeye pekee. Miezi mbili."

Nilikuwa nimeruka mtaro ule kila asubuhi kwa miaka saba, nikiwa na daftari mkononi. Nilimtazama baba. Alipandisha mabega. "Hukuuliza," akasema, bila ubaya wowote, akarudi kwenye chupa yake.

Nilimimina chai. Unielewe: nilikuwa nalea mtu huyu. Nilijua kipimo cha presha yake, nilijua ni kidonge gani humfanya asikie kizunguzungu. Na mzee wa maganda ya karanga alikuwa amepewa habari za shule yangu mwenyewe, kwa sababu tu alichuchumaa.

Nilijaribu kushindana. Nilimwambia baba Jumamosi moja twende tukatembee mtoni, mimi na yeye. Akaniuliza kama Kapita anakuja. Nilimnunulia kiti kipya, kile kinacholala nyuma ukibonyeza. Alikaa humo siku mbili, akasema kinamchelewesha kuinuka. Nilimwambia, "Baba, umefanya kazi maisha yako yote, sasa pumzika." Akanitazama kana kwamba nimemwambia afungashe mizigo.

Kapita hakumwambia apumzike hata mara moja. Alimwambia, "Reki yako inalala, voisin!" Alimwambia, "Lundo gani hii? Umetupa ama umepanga?" Waligombana kuhusu upande wa kuanzia, wakaacha kusemezana kutoka saa mbili hadi saa nne, kisha nikawaona wanagawana embe kwa kisu kimoja.

Sasa sikiliza sehemu hii vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, theluji ilipoisha, Kapita alipata wazo la chokaa. Unajua kwetu mgeni mkubwa akija, mawe ya barabarani hupakwa chokaa yakang'aa. Kapita alisema barabara iliyosafishwa bila chokaa ni kama mtu aliyeoga asivae. Wakanunua chokaa, yeye na baba, wakapaka ukingo wa barabara kuanzia nyumba ya kona hadi kwetu, pande zote mbili, mweupe kama meno ya mtoto. Mtaa ulipendeza, nisiseme uongo. Na siku tatu baadaye gari la jiji likaja.

Mtu aliyeshuka alikuwa kijana mnene, mpole, mwenye karatasi kwenye ubao. Wazee wawili walisimama mbele yake na ndoo zao. Nikaitwa. Nilikuwa nimevaa sare ya kazi, nakaribia kwenda kwenye nyumba ya wazee ninakohudumia. Nikasimama katikati, kama kawaida yangu.

Yule kijana alisema mambo manne. Alisema rangi ya ukingo ni alama kwa magari, kwa hiyo chokaa hairuhusiwi, lakini mvua itaiondoa, hataandika chochote. Alisema wasisimame barabarani bila vizibao vya njano vinavyong'aa. Juma lijalo angewaletea viwili. Alisema mtaa huu haujapata shida ya maji tangu mwaka uliopita, na ofisini wamekuwa wakijiuliza sababu. Na alisema, "Waambie asante. Waambie waendelee."

Kapita na baba walikuwa wananitazama mdomo.

Nikasema, "Anasema chokaa hairuhusiwi."

"Eh," akasema Kapita. "Na nini tena?"

"Anasema hamruhusiwi kusimama barabarani."

"Na mitaro?"

Sikujipanga. Ningekuwa nimejipanga ningeweza kukueleza vizuri zaidi. Nilimwona baba amesimama bega kwa bega na yule mzee, vidole vyote vyeupe kwa chokaa, wamefanana kama watoto wa tumbo moja, na nikasema, "Anasema muache kabisa. Ni kazi ya jiji. Mkiendelea ataandika barua."

Kijana wa jiji akatabasamu, akawapungia mkono. Kapita aliutazama mkono ule muda mrefu. "Anafurahi sana kwa mutu anayefukuza," akasema. Kisha akatoa kipenga shingoni, akakitia mfukoni.

Nilikwenda kazini. Siku ile niliwahudumia wazee wa watu kwa upole mwingi kupita kiasi, nikawachana nywele wote.

Jumamosi iliyofuata hakukuwa na kipenga. Baba aliamka, akavaa gambuti, akaketi. Saa tatu akazivua. Nilimpikia ndizi na maharage, nikakaa naye, nikamuuliza habari za mtaro wa shule, alianzaje, mawe aliyapata wapi. "Ni zamani, mwanangu," akasema. "Nimeshiba." Nilikuwa nimempata tena, na nilichokipata kilikuwa yule yule wa kiti cha dirishani.

Kijana wa jiji alileta vizibao kama alivyoahidi, siku ambayo nilikuwa peke yangu nyumbani. Nilivipokea, nikamshukuru, nikavificha chumba cha chini, nyuma ya tangi la maji moto. Nilijiambia nitavitoa kesho. Nilijiambia hivyo hadi majani yakaanguka tena.

Mvua ya vuli hiyo haikuwa kubwa kuliko nyingine. Lakini barabara ilijaa hadi kwenye ngazi, na kwetu maji meusi yakapanda kupitia tundu la sakafu, kama Kapita alivyosema yangepanda. Mume wangu alishuka na ndoo, akapandisha vizibao viwili vya njano vinavyochuruzika.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya kazini," nikasema.

"Nyumba ya wazee mnavaa hivi?"

Nikashika ndoo. Baba alikuwa amesimama juu ya ngazi, anatazama maji, mikono nyuma. Nilimwona anahesabu kwa macho kutoka kwenye tundu hadi ukutani, kisha akarudi juu kwenye kiti chake.

Kabla ya Krismasi Kapita aliondoka. Mwanawe wa kiume alikuwa Louisville, eneo la Okolona, ambako kuna maghala na watu wetu wengi hufanya kazi za kupanga mizigo. Alipita kuaga. Alikuwa na koti kubwa la kuazima na mfuko mmoja. Baba alikuwa amelala usingizi wa mchana, na alikuwa amelala kweli. Sikumwamsha.

"Muambie voisin..." Kapita akaanza. Akatafuta. "Muambie tu nimepita."

Baba alipoamka nilimwambia Kapita kapita. Akauliza kama amesema anarudi lini. Nikasema hapana. Akasema, "Ni sawa, mwanangu."

Sasa utaniuliza, wivu uliisha? Adui ameondoka, uwanja ni wako. Haukuisha. Kuna mchana nilimkuta baba anaongea peke yake dirishani, kwa sauti ya kugombana, na nilijua anagombana na nani. Nilimwonea wivu mtu asiyekuwepo. Nilitamani nigombezwe mimi.

Ilipita miaka miwili. Msichana mmoja wa kanisani kwetu akaolewa Columbus, na mwaliko ukasema Wakongo wa Louisville nao watakuja, maana bwana harusi alikuwa wa kule. Baba akaomba apigiwe pasi suti. Njiani, nikiendesha, aliniuliza mara mbili kutoka Louisville hadi Columbus ni saa ngapi. Mimi nilikuwa nafikiri tu kwamba ukumbi wa harusi una watu wengi, na pengine hawatakutana.

Walikutana mlangoni. Hawakukumbatiana. Walipeana mikono kama watu wa ofisini, kila mmoja akauliza afya ya mwenzake, kisha baba akaenda upande wa Warundi na Kapita akaketi karibu na spika, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuongea na mwenziwe. Alikuwa amekonda. Suti ya kahawia, fimbo, mguu mmoja ukiburuta. Nilikuwa nimejiandaa kwa furaha yao, nikajiandaa kuumia. Ubaridi ule sikuwa nimeuandalia chochote.

Nikachukua sahani ya nyama na wali, nikampelekea.

"Mama Kezia," akasema. "Unanenepa. Ni muzuri."

"Kapita, nina neno."

"Sema kwa nguvu, hii muziki ni ya wazimu."

Nilitaka kunong'ona, na ikabidi nipige kelele. Nilimwambia yote manne aliyoyasema kijana wa jiji. Nilimwambia kwamba alisema asante, na waendelee. Nilimwambia habari ya vizibao. Aliweka uma chini. Nilitegemea acheke, maana alikuwa mtu wa kucheka. Hakucheka.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na wivu."

"Wivu ya nini? Ya majani?"

"Ya baba."

Akasukuma sahani kando. "Na yeye anajua?"

"Hapana."

"Nani anajua?"

"Wewe tu."

"Bon. Samahani hii si ya mimi peke yangu." Akageuka, akaweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mkali uliokata ukumbi mzima. "Voisin! Kuya hapa!"

Baba akaja, akiwa bado na leso shingoni. Kapita akanionyesha kwa fimbo. "Ambia yeye. Vile vile. Usipunguze."

Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana baba hakunikatiza wala hakubadilisha uso. Nilipomaliza hakunitazama mimi. Alimtazama Kapita.

"Nilidhani umenichoka," akamwambia.

"Mimi?" Kapita akapiga meza. "Mimi nilisema ule Murundi ni mwoga! Mzungu moja na karatasi, na yeye anaingia nyumba, anafunga! Nilipita kwako kuaga, unalala!"

"Sikuamshwa."

Wote wawili wakanigeukia. Nikatazama sahani.

"Mwanangu," baba akasema, "Kiingereza sikijui. Nilikupa mdomo wangu unisemee." Alivuta kiti, akaketi karibu na Kapita, akala nyama niliyokuwa nimeileta. Baada ya muda Kapita akamwambia kwamba kule Okolona barabara nyingi hazina ukingo, ni mifereji ya wazi yenye nyasi, na watu wanaikata vibaya, wanaacha nyasi humo humo. Baba akauliza mwinuko wake ukoje. Kapita akasema hajui, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, anahitaji mtu wa kutazama. Wakainamisha vichwa, na mimi nikasimama pale na jagi la juisi ambalo hakuna aliyeliomba.

Asubuhi ya pili baba hakupanda gari letu. Alisema anakwenda Louisville wiki mbili. Nilimwandikia dawa zake kwenye karatasi, nikampa mke wa mtoto wa Kapita, nikamweleza mara mbili ipi ni ya asubuhi. Kapita alikuwa tayari kwenye kiti cha mbele, anamgombeza mwanawe kwa kuegesha vibaya. Alishusha kioo.

"Mama Kezia. Nimekasirika na weye."

"Najua, Kapita."

"Nitakasirika mpaka Pasaka. Kisha utakuya utusalimie." Akapandisha kioo.

Wiki mbili zile zimekuwa miezi na bado hazijaisha, na sasa nasikia barafu imeanza kuyeyuka hata hapa kwetu. Baba hunipigia Jumapili baada ya ibada. Huzungumza nusu saa, dakika arobaini, sauti yake ikipanda na kushuka: mfereji gani wamezibua, nani kawapa koleo, Kapita kakosea wapi. Namsikiliza na bado panachoma pale pale, upande wa kushoto. Nimeamua pachome tu. Simkatizi. Namuuliza mwinuko ukoje, naye ananieleza.

Na wewe, kama nyumbani kwenu ni wewe unayewatafsiria wazee, fanya hivi. Usisimame katikati, simama pembeni, wao watazamane. Ngoja mwenye kusema amalize. Kisha sema yote uliyoyasikia, kwa mpangilio ule ule, na lile usilolipenda ulitamke kwa sauti ile ile ya mengine.